Boti mara moja moja, viazi kila wiki: injini ya pikapu kwa mtu wa Njombe

Mkoa wa Njombe una ufukwe wake. Anayeufahamu kwa viazi, chai ya Lupembe, mbao na parachichi huenda asilikumbuke hilo, lakini ukishuka kutoka Ludewa mpaka Manda au Lupingu unakanyaga mchanga wa Ziwa Nyasa, na mojawapo ya meli za mizigo za ziwa hilo inaitwa MV Njombe. Shida ni kufika huko ukiwa unavuta kitu nyuma. Mji wa Njombe umekaa karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Makambako iko chini kidogo, kama mita 1,700. Maji ya Nyasa yako chini ya mita 500. Anayefunga boti nyuma ya pikapu Ijumaa akaelekea ziwani anateremka takriban mita 1,200 hadi 1,500, kutegemea alikoanzia, na Jumapili anazipanda zote kurudi nyumbani.

Ndiyo maana swali ambalo mnunuzi wa pikapu hulipeleka gereji, kwamba achukue injini gani ikiwa atavuta boti mara chache tu kwa mwaka, lina jibu lake la nyanda za juu. Ushauri wa Dar es Salaam haumfai. Kule boti inavutwa kwenye tambarare na katika hewa nzito ya pwani, na safari yenyewe mara nyingi haimalizi saa moja. Huku safari ni ya mlima, nayo huanza na hewa nyepesi.

Njia zenyewe ni kadhaa. Iliyo fupi zaidi kwa mtu wa Njombe mjini inaanzia Itoni, inapita Ludewa na kuishia Manda. Kipande chake cha Lusitu hadi Mawengi, kilomita 50, kimejengwa kwa zege badala ya lami, na ukiona kona na miinuko ya huko unaelewa sababu. Ya pili inapita Songea na Mbinga hadi Mbamba Bay. Ya tatu ni ya mtu wa Makambako: Mbeya, Tukuyu, Kyela, halafu Matema. Na asiyejali kwenda ziwani kwenyewe anaweza kushika barabara ya Iringa, akateremka mlima Nyang'oro hadi bwawa la Mtera. Zote nne zina jambo moja linalofanana: maji yako chini na nyumbani kuko juu.

Tuanze na hewa, kwa sababu ndiyo wauzaji wa magari wasiyoitaja. Dizeli haiungui bila hewa, na kwenye mwinuko wa Njombe hewa inayoingia katika silinda ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Dar. Injini isiyo na turbo haina la kufanya. Inavuta kile kilichopo. Hesabu ya mafundi ni kwamba injini ya namna hiyo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko, na pampu isiporekebishwa inaendelea kumwaga dizeli ileile kwenye hewa pungufu, ile ziada ikatoka nyuma kama moshi mweusi. Wengi hulaumu nozeli wanapouona moshi huo. Wakati mwingine nozeli ni nzima kabisa, ila gari lilitegeshewa pampu lilipokuwa usawa wa bahari.

Turbo ni feni inayozungushwa na moshi unaotoka, nayo inasukuma hewa kuingia kwa nguvu. Kwenye mwinuko huzunguka kasi zaidi na kufidia sehemu kubwa ya upungufu. Kwa hiyo injini mbili zilizokuwa zikilingana Kibaha zinaweza kuachana mbali zikifika Kibena. Kwa maoni yangu, hoja hii peke yake inatosha kumwelekeza mkazi wa Njombe kwenye dizeli yenye turbo, hata kama hana mpango wa kuvuta chochote.

Sasa tuzitazame injini ambazo mtu anakutana nazo kweli sokoni. Hilux za zamani zilikuja na 3L na 5L, dizeli za kawaida zisizo na turbo. Ya 5L ina ujazo wa karibu lita 3 na nguvu isiyofika farasi 100. Kwenye mwinuko wa Njombe ondoa moja ya tano. Zikafuata zile tunazoziita Vigo, zilizoanza miaka ya 2004 na 2005, zenye turbo na mfumo wa komoni reli: 2KD ya lita 2.5 na 1KD ya lita 3. Ya lita 2.5 ilitoka katika viwango tofauti sana. Ile ya chini ina farasi 102, na ile yenye intakula, kifaa kinachopoza hewa kabla haijaingia kwenye injini, ilifikia farasi 144. Nembo iliyobandikwa nje haikwambii ni ipi. Fungua boneti utazame. Tangu 2015 zimekuja za Revo, 2GD ya lita 2.4 na 1GD ya lita 2.8.

Pembeni yake ipo Land Cruiser pikapu yenye 1HZ, silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, lita 4.2, bila turbo. Injini hii imekuwepo tangu 1990 na bado inaheshimiwa na kila anayeishi mbali na mji, kwa haki. Lakini tuzungumze kwa tarakimu. Nguvu ya kuzungusha, ile inayohisiwa unapoanza kuvuta mzigo, hupimwa kwa nyutonimita. 1HZ inatoa 285 kwa lita zake 4.2. 2GD, yenye lita 2.4 tu, inafikia 400. 1GD yenye gia za kujibadilisha zenyewe ilifikia 450 ilipotoka mwaka 2015, na hiyo inaipita hata V8 ya lita 4.5 iliyowekwa kwenye Land Cruiser ya namna hiyohiyo, ambayo ni 430. Ukubwa wa injini kwa hiyo haukupi jibu. Mtu anayelipa fedha za V8 ili avute boti ya familia mara nne kwa mwaka ananunua mafuta na spea za nguvu ambayo hatakuwa na mahali pa kuitumia.

Boti yenyewe ina uzito gani? Chukua boti ya faiba ya mita tano, yenye mashine ya farasi 40. Bodi ni kilo 400 hivi, mashine haifiki 100, ongeza mafuta, nanga, kamba na maboya, kisha tela la chuma la kilo 200 au 300. Jumla inacheza kwenye kilo 800 hadi 900. Boti ya mbao ya ukubwa huo inaweza kuzidi, hasa ikiwa imelowa. Huo ni uzito wa kawaida sana kwa pikapu ya Njombe. Anayebeba viazi kutoka Uwemba, yale magunia ya lumbesa ambayo serikali imeyapiga vita miaka nenda miaka rudi, anapakia zaidi ya hapo kila wiki ya msimu, na anafanya hivyo kwenye barabara ya vumbi.

Hapo ndipo ninaposimama katika mjadala huu: mzigo wa kila wiki ndio uchague injini, na boti ifuate. Ukiigeuza hesabu, ukachagua gari kwa ajili ya safari nne za ziwani, utakaa siku zote zilizobaki na gari lisilokufaa.

Kwa anayetaka kuona kama nguvu inatosha, hii hapa hesabu ya mlima. Weka pikapu ya kilo 2,000, watu na mizigo kilo 400, boti na tela lake kilo 900. Jumla 3,300. Kwenye mwinuko unaopanda mita 8 kwa kila mita 100, ukitaka kwenda kilomita 40 kwa saa, injini inatakiwa kutoa kama farasi 55. Ukitaka kilomita 60, inahitaji karibu 90. Hilux ya 5L, ikiwa Njombe imebaki na farasi 75 au 80, itapanda kwa 40 lakini kwa 60 haiwezi. Land Cruiser ya 1HZ, ambayo farasi wake 130 wamebaki kama 105, itaifikia 60 kwa kukanyaga mafuta karibu yote. Vigo ya lita 3 na Revo zote mbili zinapanda kwa 60 zikiwa na akiba. Lakini ni nani mwenye sababu ya kupanda kilomita 60 na boti nyuma kwenye kona za Ludewa? Arobaini inatosha. Mwenye 5L nzima, iliyotunzwa, asiiuze kwa ajili ya boti. Atumie gia ndogo, aende taratibu, na akiona foleni nyuma yake atafute mahali pa kupisha.

Ipo hoja moja ya haki upande wa injini kubwa. Turbo haifanyi kazi mpaka injini izunguke kiasi. Unapoanza kuondoka kwenye mlima mkali, na mshale wa mizunguko uko 1,000, injini ya lita 2.4 yenye turbo iliyolala ni injini ndogo tu katika hewa nyepesi. Hapo 1HZ inaondoka kwa utulivu, na ya lita 2.4 inataka dereva acheze na klachi. Klachi nyingi huungua hapo, wala si kwenye mwendo. Dawa ipo: fo wili yenye gia ya chini. Hiyo ni sababu ya kutonunua pikapu ya magurudumu mawili hata kama bei yake inavutia. Kwenye mchanga wa Matema, boti iliyojaa maji ya mvua ikiwa juu ya tela, pikapu inayosukuma kwa nyuma tu inajichimbia shimo. Gia ya chini inakutoa bila kuunguza kitu. Ukishafika kwenye lami kavu au zege, irudishe kawaida kabla ya kukata kona, la sivyo unakaza difu na shafti bure.

Za petroli? Hilux ya lita 2.7 ya petroli ni gari zuri, tulivu, rahisi kutengeneza. Haina turbo, kwa hiyo mlima unaipunguza kama nilivyoeleza, na ili ivute inabidi izungushwe sana. Kwa mtu wa mjini anayekwenda Mtera mara mbili kwa mwaka inaweza kufaa. Kwa mbeba viazi, hapana.

Joto la injini linastahili maneno zaidi, kwa sababu huku juu lina hila yake. Maji katika sufuria mjini Njombe huchemka kwenye nyuzi 93 au 94 hivi, si 100. Ndani ya rejeta kinachoyazuia yasichemke mapema ni mfuniko, unaoshikilia shinikizo. Mfuniko uliochoka, ambao Dar ungekuvumilia miezi, hapa unachemsha gari kwenye mlima wa kwanza wenye mzigo. Kisha gasketi inaungua, silinda hedi inapinda, na mwenye gari anasema injini za turbo ni mbovu. Mfuniko ni kitu cha bei ndogo sana. Ubadilishe kabla ya safari ya kwanza ya boti, safisha rejeta iliyoziba kwa vumbi na mbegu za nyasi, na hakikisha feni inashika. Gari la gia za kujibadilisha liongezwe kipozeo cha mafuta ya gia boksi kama halina, maana kuvuta mlimani hupasha mafuta hayo kuliko kitu kingine chochote.

Nimesema kuhusu kupanda. Kuteremka ndiko kunakoua.

Zile kilo 3,300 zikiteremka mita 1,400, joto ambalo breki zingetakiwa kumeza kama zingefanya kazi peke yake lingeweza kuchemsha takriban lita 130 za maji ya bomba ya Njombe. Sahani na bitana za breki za pikapu hazikutengenezwa kwa hilo. Zikipata moto kupita kiasi, pedeli inabaki ngumu lakini gari halipungui mwendo, au mafuta ya breki yanachemka na pedeli inazama hadi chini. Wanaosafiri Makambako hadi Mbeya wanaijua miteremko ya Inyala na wanajua kilichowapata watu huko pale malori yaliyofeli breki yalipowafikia. Pikapu yenye boti ni ndogo kuliko lori, lakini kanuni ni ileile: teremka na gia uliyopandia, au ndogo zaidi, na iache injini ishike. Kanyaga breki kwa nguvu kwa muda mfupi, achia, zipoe, kisha rudia. Usiziegemee mfululizo. Hapa pia, niseme ukweli, injini kubwa ya lita 4.2 inashika vizuri kuliko ya lita 2.4, na dereva wa ndogo inabidi ashushe gia moja zaidi.

Jambo linalosahaulika kabisa ni breki za tela. Watengenezaji wa pikapu kubwa za leo, Hilux ya fo wili, Isuzu D-Max ya lita 3, Land Cruiser, hutaja uwezo wa kuvuta hadi kilo 3,500. Tarakimu hiyo ni ya tela lenye breki zake. Tela lisilo na breki kikomo chake cha kawaida ni kilo 750, kwa magari hayohayo yenye nguvu. Boti yetu ya kilo 900 imekwisha kupita kikomo hicho, na matela mengi yanayochomelewa kwenye karakana zetu hayana breki. Unaweza kuwa na farasi 200 mbele na bado ukawa umevunja kanuni ya mtengenezaji wa gari lako. Kama fedha zinabana, punguza kwenye injini, ununue tela lenye breki zinazojikaza zenyewe linapousukuma mkia wa gari. Ningemshauri ndugu yangu wa damu hivyo hivyo.

Tela lenyewe lipangwe ili uzito kidogo uelemee kwenye kiungo cha pikapu, kama asilimia 7 hadi 10 ya jumla. Kwa boti hii ni kilo 60 hadi 90. Mashine ya boti ikivuta uzito wote nyuma, tela linaanza kuyumba ukifika kilomita 70, nalo likiyumba linalipeleka gari linakotaka. Sogeza boti mbele, au sogeza ekseli. Na ukifika ziwani usikimbilie kulitumbukiza. Beringi zilizopata moto wa mteremko mrefu zikizamishwa ghafla katika maji baridi hunyonya maji ndani, grisi inaharibika, na gurudumu linakufia njiani ukirudi. Pumzisha gari, kunywa chai, chomoa waya wa taa za tela. Ahueni ya Nyasa ni kwamba maji yake ni baridi, hayana chumvi, hivyo chuma hakiliwi kama kinavyoliwa pwani.

Anayenunua iliyotumika ajue jambo hili: Toyota iliacha kuuza Hilux nchini Japani mwaka 2004 na haikuirudisha sokoni huko hadi 2017. Kwa hiyo Vigo unayoonyeshwa haikuuzwa mpya katika soko la Japani. Asili yake ni nchi nyingine, kama Thailand, Australia, Uingereza au Afrika Kusini, au iliuzwa mpya hapahapa. Muulize muuzaji imetoka wapi, maana matunzo na hata vifaa vya kuchuja moshi vinatofautiana. Ijaribu asubuhi ya baridi. Njombe ya Juni na Julai inashuka hadi kwenye umande ulioganda, na dizeli yenye hita plagi zilizokufa au mgandamizo hafifu itajianika mbele yako kabla jua halijachomoza. Baada ya hapo ipandishe mlima ikiwa imepakia, ukitazama mshale wa joto na rangi ya moshi. Muuzaji anayekataa gari lipakiwe amekwisha kukujibu. Na kwa sababu komoni reli haivumilii maji wala uchafu kwenye dizeli, jaza kwenye vituo vyenye wateja wengi na badilisha chujio kabla ya muda wake. Anayeishi Lupingu au Kilondo, mbali na fundi mwenye kompyuta ya kupimia, ana haki ya kubaki na 1HZ au 5L. Kwake urahisi wa kutengeneza ni nguvu pia.

Kwa mfanyabiashara wa Makambako mwenye shamba, familia na boti moja, mimi ningechukua Vigo ya lita 3 iliyotunzwa au Revo ya lita 2.4, ya fo wili na gia za mkono; na kama mzigo wake wa kila wiki ni mzito kweli, ya lita 2.8. Kisha, kabla ya kufunga safari, apitishe tela na boti yake kwenye mizani ya ghala la mazao, vikiwa na mafuta na vifaa vyote ndani, na uzito aupige rangi ubavuni mwa tela ili kila atakayeazima aujue.